Eldoret kutoka dirisha la matatu: nani alituwekea hizi njia?

Kuna kitu huwa kinanichekesha kuhusu sisi watu wa Eldoret. Muulize msee anaishi wapi, hatakutajia jina la barabara hata siku moja. Atakwambia anakaa Maili Nne. Au atakwambia, "Shuka steji ya Langas, halafu uliza boda, watakuonyesha." Mji wenyewe tunauita 64, na wazee wa Kikalenjin wanasema Sisibo, ambayo ni hiyo hiyo sixty-four ikapitia kwa ulimi wa huku hadi ikawa yetu. Ukifikiria vizuri, anwani zetu karibu zote ni hesabu za safari.

Nimekuwa nikiwaza hii maneno sana tangu 15 Agosti 2024, ile siku Rais Ruto alikuja akatupatia hati ya jiji. Tukawa jiji la tano, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Tulipiga picha, tukapost, tukajisikia. Lakini tangu hapo kuna wimbo nasikia kila mahali, kwa redio, kwa vibanda vya chai, hata ndani ya mathree yenyewe: ati sasa ni jiji, kwa hivyo boda ziondolewe tao, wachuuzi waondolewe, matatu zisukumwe mbali, wanaharibu sura ya jiji.

Maoni yangu ni tofauti, na nitayasema. Lakini kwanza lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu huwezi kuamua nani anaharibu njia kama hujui njia ilikuja aje.

Namba kabla ya jina

Kabla ya 64 kuwa mji, hapa palikuwa malisho. Jina Uasin Gishu linatokana na tawi moja la Wamaasai waliochunga kwenye hii nyanda za juu, wakavunjwa na vita vya wao kwa wao karne ya 19. Wanandi nao wakachunga. Kabla yao wote kuna Wasirikwa, ambao tunawajua zaidi kwa yale mashimo waliyoacha kwa ardhi. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati hapa hapakuwa na mtu. Huo ni uongo wa kitambo, na ulikuwa na kazi yake.

Mnamo 1903, Waingereza walifikiria kuwapa Wayahudi hii sehemu yetu wawe na makao. Ndio, Uasin Gishu. Mambo yalifika mpaka kwenye kongamano la Wazayoni kule Basel, Uswisi. Tume ikatumwa kuja kuangalia, na 1905 wakakataa. Hebu fikiria: watu wanajadili Ulaya nani apewe shamba lako, na wewe uko hapa na ng'ombe zako, hujaulizwa chochote.

Mwaka huo huo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei aliuawa na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Koitalel alikuwa ameongoza Wanandi kupinga kwa miaka karibu kumi, na moja ya vitu walivyopinga ni nini? Reli. Waliichukulia nyaya za simu na vyuma vyake, wakavifanya mapambo na silaha. Hapo mwanzo kabisa, ugomvi wa sehemu hii ulikuwa juu ya nani anapita wapi, na kwa ruhusa ya nani.

Halafu 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Familia zaidi ya 40 zilipanda meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, kisha magari ya kukokotwa na maksai kupanda milima kuja huku. Hapakuwa na barabara. Walikata msitu na mianzi, wakazama kwa matope, wakafika nyanda za juu Oktoba. Serikali ikapima mashamba na kuyapa namba. Shamba namba 64 lilikuwa na udongo mbovu, kwa hivyo likaonekana linafaa kuwekwa mji. 1910 posta ikafunguliwa hapo. 1912 pakapewa jina rasmi, Eldoret, kutoka kwa neno la Kimaasai, eldore, mto wenye mawe. Huo mto ni Sosiani, ule ule tunavuka kila siku bila kuuangalia.

Kuna wengine wanasema 64 ni maili kutoka Londiani, ambako treni ilikuwa inaishia kuwahudumia watu wa huku. Hizo ni kama kilomita 103. Mimi naona hizi hadithi mbili hazigombani sana. Moja inasema sisi ni namba ya shamba, nyingine inasema sisi ni umbali kutoka kwa steji. Zote mbili zinasema ukweli kuhusu hii town.

Sefu iliyoanguka na treni iliyopita

Mnajua ile stori ya benki? Inasimuliwa kwamba Standard Bank walipoleta sefu yao kwa gari la maksai, ikaanguka chini wakati wa kuishusha. Ilikuwa nzito sana, hakuna mtu angeibeba tena. Basi wakajenga benki kuizunguka. Iwe imetiwa chumvi au la, naipenda hiyo stori kwa sababu inaonyesha vile miji yetu ilipangwa. Hapo mzigo umeangukia, hapo ndipo mjini.

Kwa zaidi ya miaka kumi mzigo ulitoka Londiani kwa maksai, ukipanda kupitia Timboroa kwenye baridi na matope. Walowezi wakapiga kelele, wakataka reli, na reli ikaja. 1924 treni ikafika Eldoret. Iliwekwa ipite juu kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ishuke kwenye mashamba ya mahindi na ngano ya wazungu, iendelee Uganda. Mwaka wa 1931 ilikuwa imefika Kampala. Maji ya mfereji yalikuja 1928, stima 1933. Mji ukawa mji.

Lakini hebu angalia ramani. Njia ya maksai ilikuwa ya kuleta vitu kwa mlowezi. Reli ilikuwa ya kutoa mahindi ya mlowezi na kufika Uganda. Baadaye barabara kuu, ile tunaita Uganda Road, jina lake tu linakwambia inaenda wapi. Inapita katikati ya tao, lakini hesabu yake ni Mombasa hadi Malaba. Malori ya kontena yamepita mbele ya duka zetu miaka na miaka yakienda kwa wenyewe. Juzi juzi ndio tumejengewa ile barabara ya kando, kilomita kama 32, kutoka Cheplaskei kupitia Kapseret hadi Leseru, ili malori yatuzunguke.

Kila njia kubwa ya huu mji iliwekwa kwa ajili ya mtu anayepita. Sisi tunaokaa hapa tuliachiwa ukingo wa barabara. Reli yenyewe, wengi wa rika langu tunaijua kama mahali pa kuvuka kwa miguu ukienda kukata nywele.

Kipande shingoni

Na hiyo miguu yenyewe haikuwa huru. Hii ndio sehemu huwa hatuambiwi vizuri.

Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mashamba kwa miaka 999. Waafrika waliokuwa wanaishi kwenye hiyo ardhi, au walioletwa kufanya kazi, wakaitwa maskwota. Sheria ya 1918 ikasema skwota lazima amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kisha kutoka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 akalazimishwa kubeba kipande. Karatasi yenye alama za vidole vyako, jina la mwajiri wako, mshahara wako, iko ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Huwezi kuacha kazi kama bwana hajaweka sahihi. Ukiondoka bila sahihi, wewe ni mhalifu, unatafutwa.

Sasa weka hiyo kwenye mji wetu. Mzee wa watu ametoka shambani upande wa Sergoit anakuja 64 kununua chumvi. Ni safari ya nusu siku kwa miguu. Njiani akikutana na polisi, swali ni moja: kipande kiko wapi? Kikiwa hakijaandikwa vizuri, safari imeishia seli. Mlowezi kwenye gari lake la maksai anapita tu, haulizwi.

Sisi bado tunaita kitambulisho kipande. "Leta kipande" ni lugha ya kawaida mtaani. Tunaitumia kwa mzaha, lakini hilo neno limetoka mbali.

Mapeni matatu

Uhuru ukaja 1963. Mashamba mengi yakauzwa, mengine na serikali, mengine yakanunuliwa na vikundi vya watu waliochanga pesa. Yakakatwa ploti, ploti ikakatwa tena, ikakatwa tena. Ndio sababu ukiingia mitaa yetu mingi leo, vichochoro ni vyembamba, vinapinda, na vingine vinaishia kwa ukuta wa mtu. Hakuna aliyekuja kupima njia ya watembea kwa miguu, kwa sababu kila hatua ya ardhi ilikuwa pesa ya mtu. Wakati huo huo mji unavuta watu: viwanda kama Rivatex miaka ya 70, Chuo Kikuu cha Moi kutoka 1984, uwanja wa ndege wa kimataifa 1997. Watu wanaongezeka, njia ni zile zile.

Nani alitubeba? Si serikali. Matatu ilianza Nairobi kama biashara ya magendo. Jina lenyewe linatoka kwa nauli, mapeni matatu, senti thelathini. Polisi waliwakimbiza miaka yote mpaka 1973, Mzee Kenyatta aliposema waachwe wafanye kazi bila leseni ya uchukuzi. Kitu kilichokuwa haramu jana kikawa ndio uti wa mgongo wa nchi. Baadaye, Februari 2004, zikaja sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare za dereva na konda. Wazazi wetu bado wanaongea juu ya wiki hiyo, vile watu walitembea kwa sababu magari yalikuwa yameegeshwa kutafuta mikanda.

Mnaona hiyo mzunguko? Kwanza unafukuzwa, halafu unavumiliwa, halafu unawekewa sheria, mwishowe kila mtu anasahau kwamba ulikuwa shida.

Boda ndio hivyo hivyo. Ilianza mpakani Busia, baiskeli za kuvusha watu kati ya Kenya na Uganda, "boda boda," yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Ikapanda huku. Jirani yetu mmoja, mzee sasa, ana duka la rejareja, alikuwa na baiskeli ya Black Mamba yenye kiti cha nyuma cha sponji. Ananiambia alikuwa anatoka Langas hadi tao na kurudi mpaka miguu inatetemeka, na akina mama walikuwa wanakaa upande mmoja na mzigo mapajani. Kisha 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250. Ndani ya miaka michache baiskeli zikapotea, nduthi zikajaa.

Najua makosa yao. Najua vile wanapita upande usiofaa, najua abiria watatu kwa pikipiki moja, na najua wodi za hospitali zina vijana waliovunjika miguu. Sitawatetea kwa hayo. Lakini jiulize ile kazi wanafanya ilikuwa ya nani. Matatu inakuacha steji. Kutoka steji hadi geti, usiku, mvua inanyesha, matope ya Uasin Gishu yale tunayajua, ni nani mwingine alikuja kukuchukua? Hakuna ofisi iliyowahi kufikiria hicho kipande cha mwisho cha safari. Vijana wa mtaa ndio walikijaza.

Januari 2008

Huo mwaka wa 2008 siwezi kuutaja kwa sababu ya kodi ya pikipiki peke yake.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa 30 Desemba 2007. Kwa siku chache zilizofuata, barabara za huu mji wetu zilifungwa kwa mawe na magogo. Kila kizuizi kilikuwa na vijana, na vijana walikuwa na swali lile lile la zamani: kipande kiko wapi? Walitaka kusoma jina. Jina ndilo liliamua kama unapita. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia hapo. Maelfu walilala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho ya kilimo.

Jirani yangu huyo wa baiskeli ananiambia kitu kimoja tu kuhusu hizo siku. Anasema kutoka kwake hadi kwa binti yake aliyeolewa mtaa mwingine ilikuwa dakika ishirini kwa baiskeli. Wiki hiyo ilimchukua siku nne kujua kama yuko hai. Njia ilikuwepo, baiskeli ilikuwepo. Hakuweza tu kupita.

Simwandikii mtu yeyote lawama hapa, na siandiki ili tugombane. Naandika kwa sababu mimi na wewe tunapita hizo barabara kila siku na vifaa masikioni. Kuna mtu kwenye kiti cha mbele yako anaijua hiyo njia kwa namna nyingine. Katiba ya 2010, Kifungu cha 39, inasema kila mtu ana haki ya kwenda atakako, na kila raia anaweza kuishi mahali popote Kenya. Ukisoma bila historia, unaona ni sentensi za kawaida za sheria. Ukisoma ukijua Koitalel, kikopo cha shingoni na mawe ya Januari, unaelewa kwa nini mtu aliona lazima iandikwe.

Sasa jiji ni la nani?

Tunapenda kujiita jiji la mabingwa, na ni kweli. Uwanja wetu unaitwa Kipchoge Keino. Mnajua stori ya Keino kule Mexico City, 1968? Siku ya fainali ya mita 1,500, basi lake lilikwama kwenye jamu. Inasimuliwa kwamba alishuka, akakimbia maili ya mwisho hadi uwanjani, halafu akashinda dhahabu mbele ya Jim Ryun wa Marekani. Tunaisimulia hiyo kama stori ya mwili wenye nguvu. Mimi naisikia pia kama stori ya mtu wa huku anayefanya vile watu wa huku wamefanya siku zote: njia ikikataa, unashuka unaenda kwa miguu.

Basi kama kweli sisi ni jiji la watu wanaojulikana dunia nzima kwa miguu yao, mbona mtu anayetembea hana mahali pa kutembea? Nenda Uganda Road saa kumi na mbili asubuhi. Angalia wanafunzi, mafundi wa mjengo, akina mama wanaoenda soko, wamejipanga kwenye vumbi kando ya lami, na malori yaliyobaki yanawapulizia moshi. Hao ndio wengi. Hao ndio jiji.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kabla ya kuondoa boda tao, jengeni njia ya miguu kutoka Langas, Huruma, Maili Nne na Kimumu hadi katikati, yenye taa. Kabla ya kuhamisha steji mbali ili tao ipendeze, hesabuni nauli ya pili ambayo mfanyakazi wa mjengo ataongeza kila siku, na muulizane atatoa wapi. Wekeni sheria, sawa, hata Michuki alitusaidia. Lakini sheria za mwendo na kofia ni kitu kimoja, na kumwambia mtu kwamba sura yake haifai mjini ni kitu kingine. Hicho cha pili kilishawahi kufanyika hapa, na kilikuwa na kikopo cha chuma.

Na nyinyi wenzangu, mna kazi ndogo. Wikendi hii ukienda kwa kogo, kwa cucu, kwa kuku au kwa bibi, mwulize swali moja tu: alikuja 64 mara ya kwanza kwa nini, na kwa njia gani? Kwa miguu, kwa lori la mahindi, kwa treni, kwa baiskeli ya mtu? Mwache aongee. Mimi nilimwuliza kogo wangu nikidhani ni stori ya dakika tano. Tulianza baada ya chai ya saa kumi, na stima ikapotea tukiwa bado tuko Timboroa.